Gitaa kavu langu la kwanza, nimeliunda kwa mkono nyumbani: saipresi, mkangazi, mpingo, na ufa wa Dodoma

#1 Mleta uzi (Dar es Salaam)

Habari zenu wakuu.

Uzi huu nimeukalia karibu mwaka mzima. Nilitaka gitaa lenyewe lipite masika, lipite na kiangazi, ndipo nije kusema chochote. Sasa limepita. Limepasuka, limetibiwa, na linalia. Nashusha kila kitu kama nilivyokifanya, pamoja na pale nilipokosea, kwa sababu nilipokuwa naanza nilitafuta maelezo ya Kiswahili nikakosa, nikabaki kukisia.

Kazi yangu ni umeme wa majumbani. Nyumbani ni Mbagala, na karakana yangu ni kibaraza cha nyuma chenye bati moja na meza niliyoipigilia mwenyewe. Useremala kidogo ninaoujua nimefundishwa na mjomba wangu, mtu wa makabati na vitanda vya Keko. Mzee wangu alikuwa na gitaa kavu, wao wakiliita galatoni, jina lililobaki mdomoni kutokana na magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini. Liliuzwa nikiwa darasa la tatu, ada ya kaka ilipokosekana. Nililiona likitoka mlangoni limefungwa kwenye shuka. Kwa hiyo wanaouliza kwa nini nisinunue tu la dukani, jibu ni hilo.

Kwanza amua nyuzi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80 hivi. Za nailoni ni kama kilo 40. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gitaa lako la kwanza litabaki sawa au litajikunja shingo na kung'oa briji, kile kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya uso. Gitaa la chuma linahitaji nondo ya kurekebisha ndani ya shingo na fito nzito chini ya uso. La nailoni linasamehe. Nikachagua nailoni: urefu wa uzi milimita 650, shingo ikutane na mwili kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), upana wa chini milimita 365, kiuno 235, mabega 280.

Sasa jambo la msingi, na ninaomba mlishike kuliko yote. Sauti ya gitaa inatoka kwenye uso, ule ubao wa juu wenye tundu. Mhispania Antonio de Torres, fundi aliyelipa gitaa la nailoni umbo tunalolijua leo, alitaka kulithibitisha hilo. Mwaka 1862 akaunda gitaa lenye uso wa mbao safi, lakini mgongo na mbavu zake ni za karatasi nzito iliyogandishwa. Gitaa hilo lipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho ya muziki Barcelona. Nilipolisoma hilo nikaacha kuhangaika na mbao za bei ya juu za mgongo. Nguvu zangu zote nikazipeleka kwenye uso.

Wazungu wanatumia misonobari ya baridi kali inayokua polepole. Sisi hatuna hiyo. Tuna saipresi ya kupandwa, ile mbao ya rangi ya krimu yenye harufu kama ya kabati jipya. Mafundi wa Hispania wanatumia jamii ya mti huo kwenye mgongo na mbavu za magitaa ya flamenko, kwa hiyo si mti mgeni kwenye kazi hii. Nilizunguka Buguruni Jumamosi mbili nikipindua mbao. Usitazame ubapa, tazama kichwa cha mbao, pale ilipokatwa na msumeno. Mistari ya miaka inatakiwa isimame wima kama meno ya kitana. Ikilala au ikijipinda kama tabasamu, rudisha. Nilipindua zaidi ya mbao 40, zilizofaa zilikuwa mbili. Muuza duka alinikasirikia mwanzo, mwisho akawa ananiitia: "Fundi, njoo uione na hii."

Mbao moja inapasuliwa katikati ya unene wake, unaifungua kama kitabu, halafu unaunganisha ukingo kwa ukingo. Kabla ya gundi, zishike zimegusana uzielekeze dirishani. Mwanga ukipenya hata kama uzi wa buibui, rudi kwenye randa. Mimi nilirudi mara saba. Kubana, nilitumia kamba ya katani na kabari za mbao, maana jiriwa ndefu sina.

Nitaendelea kesho na unene wa uso, ni somo la peke yake.

#2 Mdau (Morogoro)

Mkuu, hili ndilo jukwaa tulilolikosa. Nimekaa hapa na chai. Swali: freti ulizipangaje? Mimi niliwahi kujaribu na galoni la mafuta na waya za breki za baiskeli, ikawa nzuri kwa macho lakini kila wimbo unakataa.

#3 Mleta uzi

Galoni ni mwanzo mzuri mkuu, wengi tumetokea huko. Freti nitakujibu, ngoja nimalize uso.

Ukishaunganisha una ubao wa milimita 5 au 6. Unatakiwa kuufikisha kama 2.5, na mashine ya randa ya mtaani haifai kwa ubao mwembamba hivyo, inaumeza na kuurarua. Ni randa ya mkono, unakwenda kwa mshazari, unapima kila baada ya dakika chache. Nilifanya kazi hiyo jioni tatu.

Ushike ubao kwa vidole viwili karibu na pembe, kama robo ya urefu kutoka juu, uache uning'inie. Ugonge katikati kwa kiungo cha kidole. Kwenye milimita 4 ubao wangu ulikuwa unasema "ko", kama mlango wa kabati. Kwenye 3 sauti ikaanza kubaki hewani kidogo. Nilipofika 2.7 nikagonga, na ile sauti ikaondoka ikarudi, ndefu, nzito, kama ngoma ndogo iliyo chumba cha pili. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, akainua kichwa akasema, "Hiyo nini?" Nikaacha randa hapohapo. Katikati nikabakiza 2.7, kingo nikaziteremsha hadi 2.3.

Chini ya uso nikabandika fito saba zilizotawanyika kama vidole vya feni, mpangilio uleule wa Torres: upana wa milimita 6, kimo milimita 4, zimechongwa zikawa nyembamba mwishoni. Za kubana gundi nilitumia fimbo za mianzi. Unaweka ubao chini, juu yake rafu imara, kisha unakunja mianzi kati ya fito na rafu, nayo inasukuma yenyewe. Fimbo 20 na huhitaji jiriwa hata moja.

Sasa freti. Gawanya urefu wa uzi kwa 17.817. Kwangu 650 gawanya kwa 17.817 ni 36.48, hiyo ndiyo freti ya kwanza kutoka kwenye mfupa wa kichwani, ule unaobeba nyuzi mwanzoni mwa shingo. Imebaki 613.52. Gawanya tena: 34.43. Ikabaki 579.09. Gawanya tena: 32.50. Endelea hivyo. Ya 12 lazima iangukie 325 kamili, nusu ya uzi. Isipoangukia hapo umekosea hesabu, usikate.

Halafu jumlisha, uandike umbali wa kila freti kutoka kichwani, na uweke alama zote kutoka kichwani kwa rula moja ya chuma bila kuisogeza. Ukipima kutoka freti hadi freti, kosa la robo milimita linazaa mengine, ukifika ya 12 umepotea.

#4 Mdau (Tabora)

Mimi ni mwalimu wa hisabati, naomba niongeze kwa anayetaka kujua ile 17.817 imetoka wapi. Kutoka noti hadi noti ileile ya juu, mtikisiko unakuwa mara mbili. Katikati kuna hatua 12 zinazolingana. Kwa hiyo unatafuta namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 12 unapata 2. Namba hiyo ni 1.05946. Uzi unaobaki baada ya kila freti ni urefu wa awali kugawanya kwa 1.05946, na kile kilichokatwa ni sehemu moja ya 17.817. Mafundi wa zamani walitumia 18, ikawa karibu lakini si sawa. Kidato cha nne wananiuliza jiometria na mifuatano inatumika wapi. Jumatatu naingia darasani na gitaa.

#5 Mleta uzi

Mwalimu, asante sana. Ukiweza, wape wanafunzi waya mmoja na ubao, wapange wenyewe. Watalisikia lile jibu kwa masikio.

Leo mbavu.

Mbavu ni mbao mbili za mkangazi, kila moja kama milimita 800 kwa 100, unene 2. Zinatakiwa zikunjwe kwa moto zifuate umbo la nane. Kifaa changu kilikuwa kipande cha bomba la chuma, kipenyo kama cha glasi ya chai, nimekifunga kwenye jiriwa na kukitia makaa ndani, upepo nikipuliza kwa kipepeo cha jikoni. Ukidondosha tone la maji juu yake likacheza na kukimbia badala ya kulala na kutokota, bomba limefika. Mbao isilowekwe usiku kucha. Inatosha kuifuta kwa kitambaa chenye maji.

Unaiegemeza mbao kwenye bomba, unasukuma kwa kiganja kilichovaa glavu, na unangoja. Hapa ndipo nilipovunja mbavu ya kwanza, kwenye kiuno. Nilisukuma kabla mbao haijakubali. Mkangazi una nyuzi zinazopishana ndani, upande mmoja zinaenda kulia, mwingine kushoto, kwa hiyo pale kwenye kona kali ukilazimisha unakatika kama biskuti. Sauti yake siisahau. Nilizima makaa nikaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Siku iliyofuata nilimpigia mjomba. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, imekatika eh?" Alijua kwa sauti tu. Akaniambia: usiikunje mbao, ishike tu, itakuambia yenyewe. Nikachukua mbao nyingine yenye nyuzi zilizonyooka zaidi, nikaipunguza kiunoni hadi 1.8, nikaiweka kwenye bomba nikahesabu polepole. Karibu na thelathini nikaisikia chini ya kiganja. Mbao ngumu inageuka ghafla kuwa kama ngozi iliyolowa, inateremka yenyewe bila kusukumwa. Ukiisikia mara moja huhitaji tena kufundishwa.

Ikishakunjwa inabanwa ndani ya kalibu ya mbao mpaka ipoe na kukauka. Shingo pia ni mkangazi, nimeiunga kwa mtindo wa Kihispania: kisigino cha shingo kina mifereji miwili na mbavu zinaingia humo moja kwa moja, hakuna kiungo cha kuja kulegea baadaye. Mgongo niliubana kwa tyubu za baiskeli zilizokatwa kamba ndefu, nikalizungushia gitaa zima kama mtoto aliyefungwa kanga.

Ubao wa vidole na briji ni mpingo, vipande nilivyonunua kwa wachongaji wa vinyago. Mpingo ni mzito kiasi kwamba unazama majini, na unamaliza makali ya patasi mpaka unachoka kunoa. Mkato wa freti nilikata kwa bleti ya msumeno wa chuma niliyosugua meno yake ubavuni kwenye jiwe la kunolea mpaka mkato ukawa kama milimita 0.6. Freti 19, siku mbili. Waya wa freti, vikaza nyuzi na nyuzi zenyewe ndivyo pekee nilivyonunua vimetoka nje.

Mifupa ya kichwani na kwenye briji ni mguu wa ng'ombe kutoka buchani. Chemsha mara kadhaa na sabuni mafuta yote yatoke, anika kivulini wiki nzima, kata kwa msumeno wa chuma. Mfupa wa briji usiuweke kwenye 650 kamili. Uusogeze nyuma kama milimita 2, kwa sababu ukibonyeza uzi unaukaza na noti inapanda.

Vanishi sitaisemea sana. Shelaki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, kitambaa cha pamba, tabaka nyembamba nyingi. Nyembamba ndiyo siri yake.

#6 Mdau (Mombasa)

Ndugu yangu, kazi nzuri mashallah. Mimi natengeneza magitaa yaliyovunjika hapa Mombasa, naomba kuchangia mawili.

La kwanza gundi. Gundi nyeupe ya kawaida ya mbao inalegea kwa joto. Magitaa mengi niletewayo briji imeng'oka, ukiuliza, lilikuwa ndani ya gari juani. Kwa briji tumia gundi ya wanyama ukiipata, ama gundi ya mbao ile inayokauka ngumu, na msiliache gitaa garini hata kwa dakika za sala.

La pili mkangazi. Sisemi ni mbaya, ila kama ningekuwa na mninga nisingeugusa. Mninga ukikauka umekauka. Hauvimbi wala haunywei kama mbao nyingine, ndiyo maana milango yake haikwami mvua zikija. Kwa pwani yetu hii yenye unyevu, hilo ni jambo kubwa kuliko sauti.

Je, ulilifunga sanduku mwezi gani?

#7 Mleta uzi

Umeuliza swali lenyewe. Nililifunga mwishoni mwa Aprili.

Mjomba alikuwa ameniambia, "Mjomba, ngoja mvua ziishe." Nikaona mbao zangu zimekaa ndani miezi, zimekauka, za kungojea nini. Kumbe mbao haikauki ikamaliza. Inakunywa hewa na kuitoa kila siku ya maisha yake, hata ikiwa na vanishi. Dar wakati wa masika hewa imejaa maji. Nilibandika uso, fito na mgongo vikiwa vimevimba, nikavifungia hapo kwa gundi.

Mwezi Mei likapigwa nyuzi. Sitaweza kueleza ile noti ya kwanza. Mzee wangu alikuja Jumapili, akalishika, akalipima uzito mkononi, akapiga vile vidole viwili vya wazee, kidole gumba kinatembea chini na cha shahada kinajibu juu, mtindo ambao mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliupeleka mbali tangu Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mwaka 1952. Alipiga kama robo saa bila kusema neno. Kisha akauliza, "Hili haliuzwi?" Nikamwambia haliuzwi.

Agosti nikaenda nalo Dodoma kwenye harusi ya binamu. Dodoma Agosti hewa ni kavu, midomo inapasuka. Siku ya kwanza likalia vizuri. Siku ya pili nyuzi zikaanza kukwaruza kwenye freti, na nikipitisha mkono kwenye shingo ncha za freti zinanichoma, maana ubao umenywea na chuma hakinywei. Usiku wa tatu, kama saa nane, nikasikia "tak!" Sauti moja kavu, kama mtu amevunja njiti. Nilijua kabla sijawasha taa.

Ufa ulianzia nyuma ya briji ukashuka kuelekea mkiani, sentimita 11. Uso mzima ulikuwa umebonyea, umezama.

Hesabu yake ni rahisi, laiti ningeifanya mapema. Mbao haibadiliki urefu kwa kiasi cha kuhangaikia, inabadilika upana. Uso wangu ni milimita 365 kwa upana. Ukitoka kwenye unyevu wa masika Dar kwenda kiangazi cha Dodoma, mbao laini kama saipresi inaweza kutaka kupungua hadi karibu milimita 3. Lakini kingo zake zimebandikwa kwenye mbavu na fito zinaukata upande wa pili, hauna pa kwenda. Kwanza unazama. Ukishindwa, unapasuka.

#8 Mdau (Morogoro)

Pole sana mkuu. Nimesoma hapo kwenye "tak" moyo ukaniruka. Ulilitibuje? Au ulibadilisha uso?

#9 Mleta uzi

Asante mkuu. Sikubadilisha.

Usikimbilie kujaza ufa na gundi ukiwa umefunguka, utaufungia wazi milele. Nililegeza nyuzi zote, nikachukua kisanduku cha sabuni, nikakitoboa, nikaweka ndani sifongo yenye unyevu, isiyodondosha, nikakitia gitaani kupitia tunduni na kuliweka gitaa zima ndani ya mfuko wa plastiki. Siku ya nne ufa ulikuwa umejifunga wenyewe, hata ukucha haushiki. Ndipo nikatia gundi ya mbao, nikaisukuma ndani kwa kidole huku nikigonga chini taratibu, nikafuta kwa kitambaa chenye maji, nikabana kwa mianzi.

Kwa ndani nikabandika viraka vinne vya saipresi, kila kimoja kama ukubwa wa stempu, nyuzi zake zikikatiza nyuzi za uso. Kuviweka mahali pake kupitia tunduni, unatumia kioo kidogo, tochi na uvumilivu. Mke wangu ndiye aliyeshika tochi. Ukilipeleka juani leo utauona mstari mwembamba kama unywele. Sauti haikupungua kitu masikioni mwangu.

Baadaye nikanunua kipimaunyevu kidogo cha dijiti. Kabla ya kukiamini kipime: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe iwe kama uji mzito, weka pamoja na kipimo ndani ya mfuko uliofungwa kabisa usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kisome asilimia 75. Changu kilisoma 81, kwa hiyo kila ninaposoma napunguza 6. Kibarazani kwangu masika, hata baada ya kupunguza, kilikuwa juu ya 85. Waundaji wa magitaa wanataka kati ya 40 na 50.

Nikatengeneza kabati la kukaushia. Ni kabati la nguo la zamani, chini nimefunga balbu ya filamenti ya wati 40 ndani ya kopo la chuma lenye matundu, juu nimeacha upenyo. Hewa ikipashwa joto kidogo unyevu wake unashuka, asilimia 85 inakuwa 50 bila mashine yoyote. Hapa ninaongea kama fundi umeme: waya usiguse kopo, mbao zikae mbali na balbu, kuwe na fyuzi, na usiondoke nyumbani ukiliacha linawaka.

#10 Mdau (Maskati)

Assalaam aleikum. Mimi niko Maskati, asili yetu Unguja. Nje kwetu hapa kuna joto na unyevu wa bahari, ndani kiyoyozi mchana na usiku kinakausha hewa. Udi wa marehemu babu, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ulipasuka mgongo baada ya kufungwa kiyoyozi, sote tukasema ni uzee. Leo nimefahamu. Swali: nikikuagiza gitaa lenye mpingo, forodhani watanisumbua?

#11 Mdau (Kilwa)

Naomba nijibu hilo la mpingo, niko nao karibu. Jamii yote ya miti hiyo iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na wanamuziki walipata shida sana mipakani na klarineti na obo zao, ala za kupuliza, ambazo ni mpingo wetu huu. Mwishoni mwa Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo. Kwa hiyo gitaa lililokamilika ni jambo moja, gogo au mbao ni jambo jingine. Na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliingiza mkangazi na mninga pia, upande wa magogo na mbao za kupasuliwa. Muulize afisa misitu kabla ya kusafirisha mbao yoyote, na ukinunua hata kipande, dai risiti na uulize kama mzigo ulikuja na kibali cha Wakala wa Misitu.

Niongeze moja. Huku Kilwa kuna vijiji vinavyomiliki misitu yao wenyewe na vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha msitu unaotunzwa vizuri, mwaka 2009, wa kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Mti wa mpingo unachukua miaka 70 na zaidi kufikia kuvunwa. Kipande cha briji ulichokikata huenda kina umri mkubwa kuliko mzee wako, mkuu. Usitupe hata vumbi lake.

#12 Mdau (Mombasa)

Maneno ya Kilwa ni kweli. Na kwa ndugu wa Maskati: udi huo usiutupe. Fanya kama mleta uzi alivyofanya na sifongo, polepole, siku nyingi, kisha umpelekee fundi. Ufa wa ukavu ukijifunga wenyewe, nusu ya kazi imekwisha.

Mleta uzi, la pili unaanza lini? Usiniambie hapana.

#13 Mleta uzi

Nimeanza. Na nimekusikia, mgongo na mbavu za safari hii ni mninga. Binamu yangu wa Dodoma alivunja kitanda cha bibi, mbao zimekaa ndani ya nyumba miaka 30, nikamwomba zile ndefu za ubavuni. Ukizigonga zinalia kama kengele ya baiskeli.

Vumbi la mpingo nimelihifadhi ndani ya chupa ya dawa. Ukilichanganya na gundi linaziba nafasi ndogo pembeni ya freti bila kuonekana, kwa hiyo halitupwi, mkuu wa Kilwa.

Uso wa saipresi upo kabatini, wiki ya sita sasa. Kila Jumapili asubuhi nautoa, naupima kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu, naandika uzito kwa penseli pembeni pale patakapokatwa. Umeanza gramu 412. Zikafuata 401, 395, 392, 391. Leo asubuhi 391 tena. Jumapili ijayo ikirudia hiyohiyo nabandika fito, na mgongo utafungwa kipimo kikisoma 45, hata kama itabidi ningoje mpaka Julai.

Mzee ameomba shingo ya hili iwe nyembamba kidogo kuliko ya lile, vidole vyake siku hizi havifiki vizuri. Nimempima kiganja kwa futi kamba jana. Upana wa kichwani nautoa 52 naupeleka 50, na unene nyuma ya freti ya kwanza nitauacha 21. Aliyewahi kumchongea mzee shingo naomba aniambie kama 21 ni nyingi, sijakata bado.

#14 Mdau (Mombasa)

21 kwa vidole vya wazee ni sawa, ila zungushia mabega ya shingo, usiyaache na kona. Na nyuzi zishushe: freti ya 12, uzi mnene milimita 3.5, mwembamba 2.5. Atapiga mpaka usiku.